Trekta ya milioni 28 iliyolala siku 41, na nilivyochagua mashine zilizofuata

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye sa hivi ana hela mkononi na dalali anampigia simu kila nusu saa. Mimi nalima mahindi na alizeti Kiteto, nyumbani ni Kibaigwa, pale sokoni barabara ya Dodoma–Morogoro, sio fundi na sio muuza mashine. Ni mkulima aliyekosea mara moja vibaya sana, mara ya pili kidogo, alafu mara ya tatu akawa mwoga kupita kiasi, na hiyo ya tatu nitaisema pia maana sina hakika kama nilikuwa sahihi.

Miaka yote nilikuwa nakodi trekta. Anayejua Kiteto anajua hiyo shida, mvua ikianza kunyesha Desemba kila mtu anataka alimiwe wiki hiyo hiyo, mwenye trekta anakuwa mfalme, unampa hela ya advansi anakwambia kesho, kesho anakwambia kesho, unakuja kulimiwa Januari katikati wakati jirani yako mahindi yameshafika magotini. Mwaka 2018 nikasema basi. Nilikuwa nimeuza mahindi vizuri, nina kiwanja kimoja nikakiuza, kaka akaniongezea, jumla nikawa na milioni 30.

Zilikuwepo trekta mbili mbele yangu. Moja ni Massey Ferguson kuukuu, nyekundu iliyopauka, inauzwa milioni 21 na plau yake ya diski tatu. Nyingine ilikuwa ya kisasa zaidi, ina gari la mbele pia, yaani magurudumu yote manne yanavuta, kabini ya vioo, ndani kuna AC na viredio, milioni 28 bila plau. Jina la hiyo kampuni silitaji, haisaidii kitu, maana kosa lilikuwa langu. Mimi nikaangalia kabini. Kiukweli nilishajiona nimekaa mle ndani na kanzu nyeupe vumbi halinigusi. Sikumpeleka fundi, nilimpeleka binamu yangu ambaye anaendesha basi, tukaiwasha, ikanguruma vizuri, mita ya masaa inasoma 2,300, tukasema hii bado bikira. Sikuuliza hata swali moja kuhusu spea. Plau nikanunua kwa mkopo.

Wiki tatu za kwanza nilikuwa na raha aisee. Ilikuwa inalima eka 12 kwa siku, watu wananipigia simu mimi sasa, nawaambia kesho. Alafu siku moja tukiwa upande wa Matui, huko huko Kiteto, dereva ananipigia, bosi plau haipandi. Haipandi vipi? Haipandi, nikivuta lever inanyanyuka kidogo inarudi chini. Tukaongeza oili ya haidroliki, ikatoka yote kwa chini. Akaja fundi, akafungua, akatoa pampu ya haidroliki akaigeuza geuza mkononi akaniuliza, hii utaipata wapi?

Nikacheka nikijua ananitania. Nilizunguka Dodoma yote, nikampa mtu picha aende Arusha, nikapanda basi mwenyewe mpaka Dar, Kariakoo mtaa kwa mtaa nimebeba pampu kwenye kiroba, inanivujia oili miguuni. Kila duka wanaishika wanaitazama wananirudishia. Duka moja kijana akaniambia kwa upole tu, mzee hii mashine waliokuwa wanaileta waliacha, mpaka uagize nje. Nikaagiza nje. Pampu ikafika siku ya 41 tangu trekta ilale, na bei yake na usafiri na ushuru ikafika milioni 2 na laki 3.

Nikupe hesabu ilivyokaa maana ndo sehemu ambayo watu hawaiangalii wakinunua. Mwaka ule tulikuwa tunalima kwa 40,000 eka. Dizeli inakula kama lita 7 kwa eka kwenye udongo wetu ukiwa na plau ya diski, na dizeli ilikuwa haijafika hata 2,500, weka elfu 16. Dereva na tingo elfu 5, grisi na vitu vidogo vidogo elfu 2. Inabaki 17,000 kwa eka. Mara eka 12 ni laki mbili na kidogo kwa siku. Katika zile siku 41 siku ambazo hali ya hewa ingeturuhusu kulima zilikuwa 26 hivi, nilihesabu baadaye kwa uchungu, kwa hiyo ni milioni 5 na ushee zimepita mbele ya macho yangu. Na bado sijaweka shamba langu mwenyewe eka 60, ambalo ilibidi nikodi trekta za watu, tena kwa bei ya juu na kwa kuchelewa, nikavuna gunia tano kwa eka mahali ambapo jirani alivuna tisa. Mkopo wa plau wao hawajui habari za pampu, wanataka marejesho tu. Nililala vibaya mwaka ule. Mama watoto alikuwa haniulizi kitu, na hiyo ndo ilikuwa mbaya zaidi.

Kuna mzee fundi Kibaigwa, tunamwita Babu tu, ametengeneza matrekta tangu enzi za mashamba ya umma. Wakati tunafunga ile pampu mpya akawa ananiangalia tu, alafu akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine ukienda kununua chombo jiulize kitu kimoja. Kikisimama Matui saa nne asubuhi, utaanza tena kulima lini?" Nikamwambia Babu hilo ni swali la bahati. Akasema hapana, jibu lake unaweza kulipata kabla hujatoa hela, panda basi nenda dukani uliza spea kumi. Akanitajia kwa vidole: pampu ya haidroliki, pampu ya maji, sahani ya klachi, hedi gasketi, seti ya ringi, nozeli, stata, sili za hab, pini za mbele, filta zote. Ukikuta saba zipo Dodoma na tatu zilizobaki zinakuja na basi la usiku kutoka Dar, nunua. Ukikuta mbili, acha hata kama ina redio.

Mwaka 2019 nikaiuza ile ya vioo kwa milioni 17 na nusu. Nilimweleza mnunuzi ukweli wote kuhusu spea, akasema yeye ana ndugu yake nje. Sawa.

Nikaanza kutafuta upya, na safari hii nilitumia miezi minne. Watu wananiuliza kwa nini watu wazima wote wanaishia kwenye Massey na Ford za zamani, wanadhani ni ushamba. Sababu kubwa ni kwamba zile za muundo wa zamani bado zinatengenezwa Pakistan na India mpaka leo, kwa hiyo viwanda vya spea havijafungwa, na fundi aliyejifunzia kwenye moja anaijua nyingine akiwa amefumba macho. Hamna kompyuta wala sensa, dizeli ikifika kwenye nozeli safi na upepo ukiingia safi, inawaka. Chuma chenyewe ni kigumu ndio, lakini hata ile niliyouza chuma chake kilikuwa kigumu.

Niliyoipata ni Massey Ferguson 165, modeli iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960, imeletwa used kutoka Uingereza, injini ya Perkins silinda nne haina turbo. Mwenye nayo alikuwa Morogoro. Tulipanga nifike saa mbili asubuhi, mimi nikafika saa kumi na mbili na nusu nikaweka kiganja kwenye injini. Ya moto. Kumbe ameiwasha mapema makusudi ili nikifika iwake kwa kishindo kimoja. Sikumwambia kitu, nikajifanya nimepigiwa simu ya msiba nikaondoka, nikarudi kesho yake bila taarifa saa kumi na mbili kasoro, Babu yuko nyuma yangu amevaa koti. Ilikuwa ya baridi kabisa. Ikawaka kwa mara ya pili, ikatoa moshi mweupe kidogo ikaacha. Babu akasema huo sio ugonjwa, ni usingizi. Moshi wa kuogopa ni wa bluu usiokatika, hapo inakula oili. Mweupe usiokatika na maji kwenye rejeta yanapungua, hapo hedi ina shida. Mweusi mzito mara nyingi ni nozeli au filta ya upepo imeziba, hiyo inatibika kwa hela ndogo.

Alafu akafungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma akaweka kiganja juu. Upepo ukitoka kwa nguvu kama bomba la baiskeli ringi zimeisha, ukipumua kidogo tu ni umri. Akachomoa dipstiki akasugua oili kati ya vidole kuona kama ina rangi ya chai ya maziwa, maana hiyo ni maji yameingia. Akaninyanyulia plau juu, akazima injini, akakaa kwenye gogo akawasha sigara. Nikamuuliza tunasubiri nini, akasema tunasubiri ishuke. Ikakaa robo saa haijashuka hata kidole. Hicho kipimo ningekijua 2018 ningeokoa mamilioni, maana ile ya vioo nakumbuka ilikuwa inashuka taratibu tangu siku ya kwanza na mimi nikadhani ndo utaratibu wake wa kistaarabu.

Vitu vingine ni vya macho tu. Mita ya masaa usiiamini, inabadilishwa kama saa ya ukutani, angalia pedeli ya klachi imelika kiasi gani, angalia matundu ya mikono ya nyuma ya kubebea plau kama yamekuwa yai, piga jeki gari la mbele utikise tairi usikie pini. Rangi mpya inayong'aa ikuogopeshe, ikwaruze kwa shilingi uone chini kuna nini. Na namba ya chesesi uisome mwenyewe kwenye chuma ulinganishe na kadi kabla ya kutoa hata senti, sio ukisomewa na dalali.

Nikatoa milioni 22 na laki 5. Inalima eka nane, tisa siku nzuri, sio 12, na vumbi nalila lote.

Sasa kosa la pili. Hizi Massey za zamani filta yake ya upepo sio ya karatasi, ni bakuli lina oili chini, upepo unapita kwenye oili vumbi linabaki humo. Wakati wa kulima Kiteto inabidi lile bakuli lifunguliwe kila siku, kama vumbi ni kali hata mara mbili. Mimi nilimwambia dereva, nikaamini. Januari 2021 nikaona oili ya injini inapungua nusu lita kwa siku na moshi umekuwa bluu. Nikafungua lile bakuli mwenyewe. Oili ilikuwa hakuna, kulikuwa na kitu kama ugali wa mtama uliolala, nikaingiza kidole kikasimama. Dereva akasema bosi nilikuwa naongeza oili juu yake. Ni kweli alikuwa anaongeza. Hakuwahi kumwaga ya zamani hata siku moja, na mimi sikuwahi kumwonyesha kwa mikono yangu, nilimwambia kwa simu.

Vumbi likishaingia kwenye silinda ni msasa. Ikabidi ifunguliwe yote, slivu nne, pistoni, ringi, beringi, gasketi, nozeli zikapimwe. Nikapigia simu duka Dar saa tano asubuhi, nikatuma hela kwa simu, boksi likapakiwa basi la jioni, alfajiri mimi nimesimama stendi Kibaigwa na tochi nalipokea kwa kondakta. Babu na vijana wake wakamaliza siku ya sita. Milioni 3 na laki 6 jumla, na eka kama 50 nilizipoteza. Iliniuma sana, ila linganisha siku sita na 41. Zote mbili ziliharibika, tena hii kwa uzembe wangu mwenyewe, lakini hii ilirudi shambani mvua ikiwa bado ipo.

Kwenye lile boksi nilipigwa kidogo pia, filta mbili za dizeli zilikuwa feki, boksi lina kila kitu mpaka muhuri. Babu alizijua kwa uzito, na alipoipasua moja karatasi ndani ilikuwa na mikunjo michache imeachana kama pazia. Tangu hapo nanunua duka moja tu, ghali kidogo, na anajua nikirudisha anapokea. Na dereva nilibadilisha malipo, mwanzo nilikuwa namlipa kwa eka, matokeo yake anakimbiza anagonga visiki, maana mashamba yetu mengine ni mapya bado yana mizizi. Sasa ana mshahara wa siku na kibunda kidogo mwisho wa msimu kama klachi na diski zimefika salama. Wenzangu wanasema nadekeza. Haya.

Tuje kwenye magari. Pikapu ya shamba haikunisumbua akili, nina Hilux ya dizeli ya zamani injini ya 5L, swali la Babu inalijibu kila kona ya nchi hii. Shida ilikuja 2022 petroli ilipopita 3,000 kwa lita, ikawa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei nyumba nzima inasikiliza kama taarifa ya kifo. Mama watoto anafundisha Dodoma mjini, alikuwa anahitaji gari ya kwake, kwenda na kurudi na kuzunguka ni kama kilomita 30 kwa siku. Shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, akaja na habari za gari ya umeme. Shem, ananiambia, hakuna oili, hakuna plagi, hakuna gia boksi ya kusumbua, hata breki zinachelewa kuisha maana ukiachia mafuta mota inavuta gari yenyewe inarudisha chaji kwenye betri. Na yote hayo ni kweli, nilikwenda kuyachunguza.

Mwaka 2023 tukaenda wote yadi moja Dar kuangalia Nissan Leaf ya mwanzo mwanzo, zile zilizoanza kuuzwa mwisho wa 2010, betri yake ikiwa mpya ni ya uniti 24 za umeme, kama zile za Luku. Safi nje, safi ndani, kilomita 62,000 tu. Mimi sasa nilishajifunza kutoangalia viti. Kwenye dashibodi kulia kuna vimistari vya afya ya betri, ikiwa mpya vipo 12. Hii ilikuwa na 8. Muuzaji akasema nane kati ya 12 sio mbaya, nikaenda kusoma nikagundua kile kimistari cha kwanza peke yake kikipotea ni kama asilimia 15 imeondoka, kwa hiyo nane inamaanisha imebaki kama theluthi mbili. Zile za mwanzo betri haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea upepo tu, na kinachozeesha betri ni joto na kukaa imejaa chaji kwa muda mrefu. Dar na joto mnajuana. Ilikuwa imejaa chaji na inaonyesha kilomita 92. Nikawasha AC ikaandika 79. Nikazima, nikawasha tena, shem akanipiga kiwiko niache.

Kilomita 79 kwa mtu wa kilomita 30 kwa siku zinatosha kabisa, tusidanganyane. Luku ya elfu kumi unapata uniti 28, gari kama ile inatumia kama uniti 15 kwa kilomita 100, ukiweka na zinazopotea wakati wa kuchaji, kilomita 30 zinakula uniti 6 hivi, yaani elfu mbili na mia kidogo kwa siku. Toyota IST ya petroli kwa foleni na matuta ya mjini kilomita 30 ni lita mbili na nusu, zaidi ya 7,500. Ndani ya mwaka tofauti ni zaidi ya milioni moja na nusu, kabla ya oili na plagi.

Lakini mimi nikauliza swali la Babu. Ikisimama Ilazo, pale Dodoma mjini, saa kumi na mbili asubuhi, itatembea tena lini? Muuzaji akasema betri unabadilisha seli tu. Nani anabadilisha? Kuna kijana. Yuko wapi? Yuko Dar. Wangapi kama yeye? Akacheka. Niliuliza mafundi watatu Dodoma, wawili wakasema wasingependa hata kuigusa ule waya wa rangi ya chungwa, na walikuwa na akili kusema hivyo, maana ule ni umeme mkubwa unaua. Wa tatu alisema anaweza kila kitu, huyo ndo aliyenitisha zaidi. Gari ilikuwa milioni 17. IST ya umri huo milioni 13 na nusu. Nikachukua IST, injini ya 1,300, plagi zake zinauzwa mpaka Kibaigwa.

Shem akanunua ile ya umeme. Alinisema sana, kwamba nimechomwa na trekta sasa naogopa hata blenda.

Miaka miwili imepita na lazima niwe mkweli, yeye ndo anayetumia hela kidogo kuliko mimi. Hajamwaga oili, hajabadilisha breki. Yaliyompata ni haya. Wiki ya kwanza alichaji kwa ekstensheni ya elfu 12, ile nyeupe ya kuchomekea tivii na friji, usiku wakasikia harufu, wakakuta plagi imeyeyuka imeshikana na soketi. Gari kama ile ukiichomeka soketi ya kawaida inavuta mzigo kama pasi mbili, tena masaa nane, tisa mfululizo bila kupumzika, ekstensheni za nyumbani hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Fundi umeme akamvutia waya mnene kutoka kwenye meni swichi na soketi yake peke yake na ethi ya kueleweka, laki 2 na 80. Hii ingekuwa ya kwanza kabla gari haijaletwa. Mwisho wa 2023 ukaja mgao wa umeme, kuna siku mbili alikuja kuazima IST ya dada yake na mimi nilikuwepo, sikusema kitu, nilikunywa chai tu. Baada ya mitambo ya Bwawa la Nyerere kuanza kuwashwa 2024 hiyo kero ikapungua sana.

Alafu asubuhi moja gari imekufa kabisa, haifunguki hata mlango kwa rimoti, taa hakuna, akanipigia na sauti ya mtu aliyefiwa, shem betri imekufa. Nikasema tayari, milioni 17 hizo. Kumbe ni betri ndogo ya volti 12, ile ile ya kawaida kama ya magari yote, gari ya umeme nayo inayo kwa ajili ya kuamsha mifumo na taa, ikifa gari haliamki hata betri kubwa ikiwa imejaa. Laki na 30, nusu saa, dukani pale barabarani. Kwa hiyo swali la Babu siku hiyo lilijibiwa vizuri kuliko nilivyotegemea na nilijisikia vibaya kidogo. Vimistari vyake sasa ni saba. Anachaji haijazi, anaacha kwenye 80, anaegesha kivulini. Mimi ningekuwa nanunua leo, na ni kwa mjini tu, ningetafuta ya umeme isiyopungua vimistari 10, au za miaka ya karibuni ambazo betri inapozwa kwa maji, na ningepiga hesabu ya kodi kwanza maana ikizidi miaka 8 ushuru unaongezeka. Kwenda nayo Kibaya, kule Kiteto, hapana.

Kuna kijana aliniuliza kama trekta za umeme zitakuja zituokoe na dizeli. Nikamwambia tupige hesabu hapa hapa kwenye mchanga. Trekta yangu kwa siku inakula lita kama 60. Lita ya dizeli ina nguvu kama ya uniti 10, injini inatumia theluthi, nyingine inakwenda kwenye joto na moshi. Kwa hiyo kazi yenyewe ya kulima siku nzima ni kama uniti 200. Ni betri nane na zaidi za gari ya shem zikiwa mpya, na zichajiwe wapi, Matui porini? Kwa pikipiki ni habari nyingine, Kigali bodaboda za umeme zinabadilisha betri kituoni kwa dakika chache na betri sio mali ya dereva, ikichoka ni shida ya kampuni. Huo mpango ukifika Kibaigwa kesho asubuhi mimi ni wa kwanza kwenye foleni, na pikipiki yangu ya petroli namwachia dereva.

Msimu huu tumeanza mapema. Bakuli la filta nalifungua mwenyewe kila jioni nikiwepo, nisipokuwepo dereva ananitumia picha limemwagwa, na picha ya jana haikubaliki. Klachi imeanza kuteleza kidogo ikipanda na tela lenye mzigo, Babu anasema itafika Februari, labda Machi. Sahani mpya nimeshanunua, na beringi yake, na seti ya sili za haidroliki, na pampu ya maji, vyote vimefungwa kwenye gunia chini ya kitanda upande wa mama watoto. Ananiambia kila akifagia anagonga ufagio kwenye pampu, na kwamba wenzake huko chini wanaweka viatu.